Mishono ya Fundi Viatu

Asubuhi ya kuondoka, mwalimu alikuta viatu vyake havipo mlangoni. Alikuwa ugenini, nchi ya watu, na kwa siku tatu alilala kwa fundi viatu na mkewe, wanaowapangisha wasafiri chumba cha binti yao aliyeolewa. Akaona haya kuuliza.

Akamkuta yule mzee fundi uani, viatu mapajani, uzi mdomoni.

"Mwanangu, hivi ulikuwa unatembea au unalima?" mzee alinung'unika. "Soli imebaki jina tu."

"Lakini baba, sikukuomba."

"Ungeomba ningekutoza."

Mkewe akacheka kule jikoni. "Mzoee tu, mwanangu. Mdomo hauna breki, mkono hauna choyo. Miaka kumi na tisa sasa, haondoki mgeni hapa na soli mbovu."

Mwalimu akavivaa, akapiga hatua mbili tatu. Vilikuwa imara kuliko siku alipovinunua. Akamuuliza mzee kama naye amewahi kusafiri.

"Mimi? Hata mpakani sijafika." Mzee akafuta sindano kwenye suruali. "Ila mishono yangu inatembea sana."