Difu Iliyopanda Basi Kutoka Tunduma

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Ufipa katikati ya masika, na nilifika Laela bila kuchafua hata soli ya kiatu. Lami imenyooka tu. Ila pale inapochepuka njia ya kupanda kwa bibi nilisimamisha gari, nikashuka, nikaukanyaga udongo wa pembeni. Ni ule ule mwekundu, unanata kama ugali wa ulezi ambao haujaiva. Nilicheka peke yangu, maana udongo ule nusura utunyang'anye gari la mama.

Zilikuwa enzi za ruksa, rafiki yangu, kila mtu ananunua na kuuza. Mama alifuata vitenge Tunduma akaviuza sokoni Sumbawanga. Wenzake walipojipata walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua gari la mbio, kuukuu, la milango miwili, lililokaa chini chini, kutoka kwa mzungu mjenzi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Halikubeba hata gunia moja la mahindi. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Napenda linavyonguruma." Tangu nimjue, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukinunua kwa ajili yake mwenyewe, na mimi nililipenda gari lile kwa sababu hiyo.

Krismasi tulikwama kwenye mlima wa bibi. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama limepagawa, la pili limetulia tuli. Tulisukumwa na waumini waliotoka kanisani, na bibi, mama yake mama, akashuhudia yote akiwa na nguo zake nzuri. Tulipofika juu akasema, "Pasaka ukija na kidude hiki kikasukumwa tena, nakiuza mwenyewe, ununue mashine kama wenzako." Mama hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Aliitikia tu.

Ila njia nzima ya kurudi aliniuliza mimi, mtoto wa darasa la nne: kwa nini lile la pili lilikuwa limelala?

Jirani yetu pale Milanzi, Sumbawanga, alikuwa fundi wa malori. Aliliinua gari nyuma, akaliweka juu ya magogo, akatia gia, kisha akaniambia nichore mstari wa chaki kwenye kila tairi. "Zungusha la kushoto." Nikalizungusha kwenda mbele. La kulia, bila kuguswa na mtu, likarudi nyuma! Nilirudia mpaka mikono ikawa myeusi.

"Ndiyo difu hiyo," fundi akasema. "Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu, la ndani fupi, kwa hiyo difu inaliachia kila moja mwendo wake. Ubaya ni kwamba moja likikosa pa kukanyaga, nguvu yote inakimbilia huko huko."

"Hakuna difu inayoyabana yote mawili yafanye kazi?" mama akauliza.

"Labda huko Ulaya, mama."

Ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha mzungu. Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua kutazama picha. Alikaa nacho jioni nyingi, maharage yanachemka na upepo wa Ufipa unapiga bati, mpaka akaona picha ya difu yenye visahani vyembamba vilivyopangwa pamoja, na pembeni yake magurudumu yote mawili yakichimba tope. Akaukata ukurasa wake na kwenda nao Tunduma, ambako vipuri vilivyotumika vilikuwa vimeanza kumwagika. Safari ya tatu alishuka kwenye basi na vitenge vichache na kiroba kizito ambacho utingo alikilalamikia.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka fundi alitoa difu ya zamani akafunga ile ya kwenye kiroba. Ilimchukua siku nzima. Jioni nikashika gurudumu langu lenye chaki, nikasukuma. Halikwenda mbele wala nyuma. Fundi naye akajaribu, wapi.

"Imegandana," akasema kwa huruma. "Umeuziwa chuma chakavu. Niifungue nitoe visahani vinavyobana, itakuwa sawa na ya zamani."

"Sawa na ya zamani siitaki," mama akasema. Akavisha bomba refu la chuma kwenye spana ya gurudumu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Gurudumu likaguna, likakubali taratibu, na mstari wangu wa kulia ukajisogeza nyuma kidogo.

"Kilichogandana kinasogea, fundi?"

Fundi alichukua bomba akajaribu mwenyewe mara tatu. Kisha akaomba aone ile picha.

Pasaka mvua ilinyesha toka alfajiri. Mlimani gari liliteleza, likayumba upande, nikafumba macho. Nikasikia kishindo cha tope likigonga chini kote kushoto na kulia, na tukapanda. Tulipanda mpaka uani, kati ya matuta ya mahindi, bila mkono wa mtu.

Bibi alitoka na mwavuli wake. Hakutusalimu. Alizunguka nyuma, akainama, akagusa tope la gurudumu moja, kisha la pili. Yote mawili yalichafuka sawasawa. Akarudi mlangoni na kuita ndani, na akatoka mwanamume nisiyemjua, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mnunuzi kutoka Laela, ameitwa tangu asubuhi.

"Malizia chai, baba," bibi akamwambia. "Hapa hakuna kinachouzwa."

Mama alibaki ameshika usukani, machozi yanamtoka, grisi bado iko kwenye kucha.

Bibi na mama wote hawapo sasa, na gari lilikwenda Mbeya siku nyingi. Mlima ule nao unangoja lami yake. Nawakumbuka, lakini ninachokitamani zaidi ni lile swali la njiani, aliloniuliza mtu mzima asiyeona aibu kutokujua. Gari langu nimelinunua kwa sababu linabeba mizigo. Nina umri aliokuwa nao mama siku ile, na sijawahi kulitazama chini.