Ushauri wa Kupeana Mgongo

Nilipoanza shahada ya uzamili ya ushauri wa Kikristo na saikolojia, nilikuwa sivumiliki. Mwisho wa wiki napanda basi kutoka Kahama kwenda chuoni Shinyanga, Jumapili jioni narudi nyumbani Nyasubi nikiwa nimejaa elimu hadi puani. Mke wangu akisema, "Mkaa umeisha," nainamisha kichwa upande, nalegeza macho, namjibu, "Nasikia unasema kwamba umelemewa." Ananitazama. "Nasema mkaa umeisha, baba. Nenda kanunue."

Mkufunzi wetu alitufundisha namna ya kukaa na mtu: mgeukie, mtazame machoni, inama kidogo kumwelekea. Akikuuliza swali usimjibu, mrudishie ili alitafakari mwenyewe. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati mpaka shingo ikakaza, nikajiona nimeiva. Wanafunzi wangu wa sekondari wakiniona natokea kwa mbali wanakimbilia vyooni, wasije wakaulizwa wanajisikiaje.

Kisha shemeji yangu akafa. Alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe, kijana wa kucheka-cheka, akichimba dhahabu kule Geita kwenye shimo la wachimbaji wadogo, ambalo wenyewe wanaliita duara. Alikuja kutusalimia, akalala kwetu, asubuhi akarudi kazini, na siku ileile duara likatitia naye. Baada ya matanga mke wangu akamchukua mama yake aje akae kwetu, kwa sababu alikuwa hali chakula. Anapokea sahani, anashukuru, anaisogeza pembeni. Uji anaonja tu ili binti yake asimgombeze. Gauni lilianza kumpwaya. Mke wangu akanikazia macho: "Si unasomea mambo haya?"

Nayasomea, ndiyo. Ila huyu ni mama mkwe! Kwetu Wasukuma, mkwilima na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Tangu alipofika, nyumba yetu iliendeshwa kwa kikohozi: nikitaka kuingia nakohoa, yeye anahama sebuleni, nikitaka kwenda bafuni nakohoa tena. Jirani, Mungu ambariki, alinishauri nikapime kifua. Sasa huyo ndiye nimgeukie, nimtazame machoni, nimwinamie? Wee! Laana ningeipata, na alama nisingepata.

Nikampigia simu mkufunzi. Akasema hata bila mila hizo, ndugu hashauriwi na ndugu, nitafute mwenzangu. Nikamwomba dada mmoja tunayesoma naye, mkazi wa Mwadui, hodari kuliko mimi. Akaja. Mama akampokea vizuri mno, akamuuliza habari za wazazi, za ng'ombe, za mvua, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akalala bila kula.

Basi mke wangu akaamua mwenyewe. Akamkalisha mama yake sebuleni, chini ya dirisha. Mimi akaniwekea kiti barazani, upande wa pili wa ukuta uleule, mgongo dirishani, uso barabarani. "Haya, ongeeni," akasema, akaenda zake jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwilima."

Nikainama mbele kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nauinamia mtaro wa maji machafu. "Mama, unajisikiaje?" Kimya. Tumefundishwa kwamba kimya ni kizuri, tusikivunje, kwa hiyo nikakaa nacho, nikiitazama barabara kwa upendo wa kitaalamu. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Mwalimu, unaongea na nani?" Nikampungia mkono aende.

Hatimaye sauti ikatoka dirishani, ndogo. "Mkwilima, asubuhi ile mwanangu alipoondoka hapa kwenu, alikuwa amekula?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa upande. "Nasikia unajiuliza kama alikuwa amekula."

"Ndiyo, najiuliza. Na wewe nakuuliza."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Akaendelea polepole. Msibani alisikia watu wakisema wachimbaji wanashuka na njaa, kwamba wanakula siku wakipata mali. Tangu hapo kila akishika tonge anamwona mwanawe chini kule, tumbo tupu, na tonge linamshinda.

Nikayaacha ya chuo hukohuko chuoni. "Mama, alikula. Binti yako alimpikia michembe ya viazi vikavu na karanga, akamaliza yake. Mimi nilikuwa chumbani nafunga tai. Natoka, nakuta na yangu kaimaliza, bakuli linang'aa, anacheka, ananiambia, 'Shemeji, wewe si mlokole? Funga!' Nilimkasirikia kweli. Nilikwenda kazini na njaa, mama, kwa sababu ya mwanao."

"Alishiba?"

"Alishiba mpaka akalegeza mkanda."

Ndani nikasikia anacheka. Anamjua mwanawe, ulafi ule ulikuwa wake kabisa. Kisha kicheko kikakatika, akalia kwa sauti, kilio ambacho msibani hakukitoa. Mke wangu akakimbia kutoka jikoni. Nililia palepale kwenye kiti, kwa sababu nilimpenda kijana yule, na maneno ya mwisho niliyomwambia yalikuwa ya kugombea bakuli. Wapita njia walinipa pole bila kujua ya nini.

Alipotulia nikamsikia akimwambia binti yake, "Mwanangu, niletee na mimi hiyo michembe." Mke wangu akaipika. Akapeleka bakuli moja ndani, jingine akaniletea nje, akaniwekea magotini. Nikasikia kijiko cha mama kikigonga bakuli, kikatulia, kikagonga tena.

"Unakula, mkwilima?"

"Ninakula, mama," nikajibu, na kijiko changu kilikuwa bado hakijafika mdomoni.