Barua ya Mwanamke wa Msitu wa Baridi

Sogea karibu, mwanangu, nikwambie habari ya barua moja niliyoicheka nilipokuwa kijana. Miaka mingi nimeona haya kuitaja, hata kwa watoto wangu wa kuwazaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kijiji chetu kiko kusini, si mbali na Kizimkazi, na nyuma ya nyumba zetu palikuwa na msitu ulioota juu ya mawe. Ukiutazama unashangaa miti ile inakula nini, maana udongo wenyewe haufiki hata kina cha kiganja. Katikati ya msitu lilikuwapo pango, na ndani yake maji baridi, matamu. Kijiji kizima tukinywa hapo.

Wakati huo mjini majumba ya mawe yalikuwa yakitengenezwa, chokaa inatakiwa kweli kweli, na chokaa haichomwi bila ya kuni. Akaja tajiri mmoja na kibali cha kuukata msitu wetu. Alinichagua mimi niwe nyapara wa wakataji. Nilikuwa na nguvu, nimepeleka posa mahali sijajibiwa, na nikitaka watu wanione. Basi nikipita kijijini na shoka begani, najiona bwana harusi.

Aliyesimama kumpinga tajiri yule ni Bi. Kazija. Huyu alikuwa mkunga wetu. Nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake, na mimi ni mmoja wao. Alimwendea mwalimu wa skuli, akamwambia, "Niandikie barua, na zende kila pahala zinapoweza kufika." Mwalimu alikuwa na rafiki wa kuandikiana naye nchi za nje, na rafiki huyo akazitawanya. Sisi wakataji tulicheka. Tukasema, bibi amezeeka.

Ikawa Ijumaa moja alasiri, tumekusanyika uwanja wa skuli, mwalimu anatusomea majibu yaliyokuja kutoka mbali. Moja liliandikwa na mwanamke ambaye jina lake sikuweza hata kulitamka. Mwalimu akilisoma kidogo kidogo, anatufasiria:

"Sisi tunaishi katika msitu wa baridi. Huku mvua hunyesha karibu kila siku, na miti imezeeka mpaka magogo yake yameota majani laini kama zulia. Nyuma ya nyumba yangu wameukata. Mto aliokuwa akichota mama yangu sasa ni tope. Sina cha kukupeni, ila nimewaandikia wakubwa wenu kuwaomba wauache msitu wenu, na majirani zangu wametia saini. Nimesikia kuwa nyinyi wenu bado upo."

Hapo nikasimama mimi. "Jamani, huyu hata Unguja haijui iko upande gani! Kwao wameshakata, wameshajenga, sasa wanakuja kutuhurumia sie na kima wetu? Kama anaupenda msitu, naaje akae na mbu!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikazidi kusimama nijulikane.

Bi. Kazija hakupandisha sauti. "Haji," aliniita.

"Naam, bibi."

"Mwanamke yule keshalia. Wewe bado hujalia. Ndiyo maana unaweza kucheka."

Nilikaa chini, lakini moyo haukukaa. Na unajua kijana akitahayari mbele ya watu hufanya nini? Badala ya kujirudi, hushupaa. Jumatatu yake niliwachukua watu wangu nikawapeleka upande wa pango hasa, tukakata miti yote iliyolizunguka, na vichaka vilivyobaki tukavitia moto.

Masika yakaingia. Mvua ilipiga siku tatu bila kupumua. Siku ya nne, asubuhi, mama yangu alitoka na ndoo kwenda kuchota. Mama kwa udhu wake hakutaka maji mengine ila ya pango. Alichelewa sana. Aliporudi, aliiweka ndoo mbele yangu pale kibarazani. Nikachungulia, nikaona kitu kama uji, udongo na majivu.

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alisema tu, "Nimekaa nikangoja yatuame, mwanangu. Hayatuami."

Sikula siku ile. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi. Kazija, nikamkuta anachambua mchicha uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaniangalia. "Umekuja kulia?"

Nikalia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu. Aliniacha nikamaliza, akanisogezea kibao nikae, kisha akasema, "Haya, basi. Sasa kesho nenda mjini na mwalimu. Ukaseme kwa mdomo wako ulichokifanya."

Kesho yake tulifika Mji Mkongwe, tukapandishwa ngazi za ofisi moja inayoshughulika na misitu. Juu ya meza ya afisa nikaziona barua za wageni, rundo zima, na stempu za rangi rangi. Afisa akasema, "Hizi zimetufanya tuanze kuuliza. Lakini waliotuandikia hawajauona huo msitu. Wewe umeuona?"

Nikamjibu, "Nimeukata."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza kila kitu, mpaka moto. Miezi michache baadaye kibali kikafutwa. Zile barua ziliufungua mlango, na maneno yetu wenyewe yakaingia ndani. Kimoja bila ya chenzake, sidhani kama tungelipata kitu.

Nusu ya msitu ilisalimika. Ile nusu niliyoikata tuliipanda upya, mimi nikiwa wa kwanza kushika jembe, na Bi. Kazija akija kunitazama. Maji ya pango yalichukua miaka kusafika. Mama yangu hakuyawahi. Hilo nimelibeba mpaka leo.

Sasa nakaa mjini, Jang'ombe, na mjukuu wangu Rukia. Juzi alikuwa akinisomea habari kwenye simu. Kuna nchi ya baridi ambako watu wanaomba walimwengu wawasaidie kuuzuia msitu wao wa mvua usikatwe. Sijui kama ni nchi ile ile, mwalimu ameshafariki na ile barua sikuiweka. Vijana waliokuwapo barazani wakacheka. "Babu, sisi na miti ya baridi, wapi na wapi?"

Sikuwagombeza. Ningewagombeza kwa uso gani? Nilimwambia Rukia, "Niandikie: Mimi ni Haji wa Unguja. Zamani, mtu nisiyemjua aliuombea msitu wetu wakati mimi ninaukata. Leo nauombea wenu." Rukia aliandika, akatia na jina lake, kisha akaipeleka barua kwa simu ile ile.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akikuonya kwa jambo lililomuumiza yeye, usimpime kwa umbali wa kwao wala kwa ugeni wa jina lake. Msikilize. Ukikosea, usishupae kwa kuogopa watu watasemaje. Rudi mapema, maana kila siku unayochelewa kuna mwengine anayeilipia. Na ukiona watu wa mbali wanapigania kitu chao chema, wape neno lako hata kama ni dogo. Hujui litaangukia meza ya nani.

Mola akujaalie moyo mwepesi wa kuomba radhi. Akupe wazee wa kukurudi kwa upole, na maisha marefu ya kutengeneza ulichokiharibu. Na kila utakapofika ugenini, akukutanishe na wema wenzio. Amin.