Jina la Godelieve Kwenye Jalada

Godelieve hakukaa kwenye benchi la shule hata asubuhi moja, lakini vilima viwili vilisikilizana kwa kinywa chake. Baba yake alikuwa mkulima wa maharagwe huko Mushaki katika Masisi, mama yake alitoka kwa wafugaji wa Kirolirwe. Alinyonya lugha mbili kwa ziwa moja, na Kiswahili akakiokota sokoni. Mtu akiwa na hadithi ya kupeleka upande wa pili, au posa, au ujumbe mzito, alimwita yeye.

Alikuwa na desturi aliyoachiwa na nyanya yake. Kabla ya kuondoka na hadithi ya mtu alimuuliza mwenyewe, "Cha kuacha mtoni ni nini?" Maana kati ya vilima hivyo kuna mto, na si kila kisemwacho jikoni kwako kinafaa kuvuka. Mwenye hadithi alifikiri, kisha akamtajia: jina la fulani, tusi, aibu ya marehemu. Godelieve aliliacha lile. Hadithi ilifika ng'ambo ikiwa hai, ila bila mwiba.

Kwa kazi hiyo alilipwa heshima, basi. Sylvain, kijana wa shirika moja la misaada, alipokuja mara ya kwanza, Godelieve alimsemea hadithi miaka miwili, huku yeye akiandika. Kitabu kilipotoka kilikuwa na jina la Sylvain. Godelieve aliwekwa ndani kwenye picha, amebeba kikapu, na chini yake wameandika: mama mmoja wa Masisi. Kana kwamba wamama wa Masisi hawana majina. Donda hilo halikupona.

Mwaka huu wakulima na wafugaji walikuwa wamefika mahali pazuri. Ng'ombe wa mzee Munyakazi wangeruhusiwa kushuka kunywa maji kwa kupita kando ya mashamba ya Polycarpe, na hakuna ambaye angeshika panga. Miezi mitano Godelieve alipanda na kushuka akibeba maneno ya wazee hao wawili, mpaka wakakubaliana. Jumamosi ng'ombe wangepita mara ya kwanza. Sylvain akasema patolewe kitabu cha hadithi za pande zote mbili, kigawiwe kila nyumba kabla ya siku hiyo.

Safari hii hakumwita Godelieve. Alikuja na ordinateri, kompyuta ya kutafsiri.

"Mama, hii mashini haichoke, haisinzie, haiombe chai," alimwambia akicheka. "Unaingizia sauti ya muzee huku, Kiswahili inatokea huku. Kule Mubi imetafsiri hadithi makumi ine siku moja."

"Na imeuliza cha kuacha mutoni?"

"Muto gani tena? Mashini haivukake muto, Mama. Iko ndani ya sanduku."

Vijana waliokuwa hapo walicheka. Godelieve alirudi kwenye jembe lake.

Alhamisi vitabu vilifika kwa pikipiki, katoni nne. Gaëlle, binti wa dada yake, alileta kimoja mbio.

"Mama mudogo, uko kwenye kitabu! Hapa juu! 'Imetafsiriwa na Mama Godelieve.'"

Godelieve alifuta mikono kwenye kitenge, akagusa yale maandishi kwa kidole. Moyo ulimruka. Aliuacha urukeruke kidogo, maana ulikuwa umengoja sana. Kisha akauliza, "Mimi? Nimetafsiri lini?"

Gaëlle alianza kufungua kurasa.

"Nisomee ile ya ndama."

Hadithi ya ndama ilikuwa ya Munyakazi. Zamani mfugaji alimpa mkulima ndama wa urafiki. Njaa ilipokuja, mkulima alimchinja, akasema chui amemla. Godelieve alipokuwa akiivusha alisema hivi: ndama alilia mara moja tu, kama mtoto anayeitwa na hajui anaitiwa nini. Watu wa ng'ambo walikuwa wakilia pale, hata wanaume, bila kujua wanamlilia ndama wa nani.

Gaëlle akasoma: "Ndama aliuawa kwa ajili ya chakula. Aliyefanya kitendo hicho alikuwa Kibira wa Mushaki, mwizi na mwongo, na uzao wake wote."

Gaëlle akakifunga kitabu. Kibira alikuwa babu yake Polycarpe.

Godelieve hakungoja kula. Alimkuta Sylvain parokiani akipiga picha za katoni.

"Toa ile karatasi ya ndama. Ukishindwa, toa jina langu."

"Mama, vitabu vimeshagawiwa Mushaki yote tangu asubuhi."

"Na jina langu ulilitafuta wapi?"

Sylvain alikwaruza kichwa. "Wenye kutusaidia na pesa walitaka jina la mama wa hapa hapa. Mashini haina jina. Miaka yote ulililia jina, sasa umepewa, njo unakasirika tena?"

Godelieve akatoka nje. Walipomnyima jina alikuwa ametenda kazi. Walipompa, hakuwa ametenda kitu.

Kesho yake alfajiri alipanda Kirolirwe. Munyakazi alikuwa akikamua. Alipoambiwa, maziwa yalimwagika kwenye goti lake.

"Mimi nilisema yote mbele ya ile telefone," mzee alisema. "Hata matusi ya baba yangu. Nilijua utakuja kuniuliza, kama siku zote. Nikakungojea, wiki nzima."

"Hawakunituma, Papa."

"Mimi nilijuaje? Waliniambia ni kazi yako."

Hapo Godelieve akaona mtego wote. Mzee aliifungulia mashini nyumba kwa sababu mlangoni alidhani amesimama yeye.

"Papa, kesho ng'ombe wasishuke."

"Wasiposhuka watasema nimevunja neno. Wakishuka je?" Aliweka maziwa kando. "Wewe nenda kwa Polycarpe. Wewe watakusikia."

Alishuka. Njiani alipishana na wamama watatu wa Mushaki waliobeba mihogo. Aliwasalimu. Wawili wakatazama chini, wa tatu akaitikia bila kusimama. Mbele kidogo, kwenye mashamba ya maharagwe, hapakuwa na mtu, na ilikuwa msimu wa palizi.

Polycarpe alikuwa uani na watoto wake wa kiume. Kitabu kilikuwa kwenye kigoda, kigoda kile kile alichokuwa akikalishwa Godelieve. Hakuna aliyekiondoa.

"Karibu, Mama mutafsiri," alisema Darius, mkubwa wao. "Leo umetuletea nani mwengine? Nyanya yetu naye alikuwa mwizi?"

"Nyamaza," baba yake akasema, kwa upole uliomtisha Godelieve kuliko kelele. "Mama, miaka makumi mbili umekuwa ukiingia hapa. Jina la babu yangu halikuvuka muto hata siku moja. Leo limevuka."

"Papa Polycarpe, siyo mimi. Ni mashini. Mashini haiulizi muntu kitu."

"Jina hapa juu ni la mashini?"

"Ni langu. Waliliweka tu."

"Na wewe ulikataa?"

"Nilikataa jana."

"Jana vitabu vilikuwa vimeshafika." Polycarpe alisimama taratibu. "Sikia, Mama. Munyakazi akinitukana kwake, ni haki yake, hata mimi ninamutukana hapa. Lakini ameandika, na akakutumia weye. Sasa nitaamini maneno gani kati ya yote uliyoniletea? Hata hii ya ng'ombe kupita, nitajuaje alisema hivyo?"

Godelieve alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, mazuri, ya lugha mbili. Lakini aliyatazama jinsi yangetoka, na akaona kila moja lingehitaji mtu wa kuliamini.

Jumamosi asubuhi njia ya ng'ombe ilikuwa imezibwa kwa miiba, mashina kwa mashina, kazi ya watu wengi. Darius na ndugu zake walikaa nyuma yake, mapanga magotini, wakizungumza mambo ya kawaida. Godelieve akaja akasimama mbele ya miiba, upande ambao ng'ombe wangetokea.

"Mama, rudi kwako," Darius alimwambia, wala hakuwa na hasira. "Leo hakuna cha kutafsiri."

Hakurudi. Kutoka juu, nyuma ya ukungu, miluzi ya wachungaji ilianza kusikika, na udongo ukatetemeka kwa kwato.