Bibi wa Bwawani Aliyemtaka Rukia

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana mweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Asiyeamini na amuulize mume wangu, ingawa yeye huyasimulia vibaya kwa sababu siku ile alilia.

Tulikuwa tukiishi Guangzhou, kule Uchina, mtaa wa Xiaobei, miaka ile biashara ilipokuwa moto. Mimi mtu wa Mombasa, kazi yangu ilikuwa kununua nguo kwenye masoko ya Guangyuan Xilu na kuzipeleka nyumbani. Ikifika sikukuu yao ya mwaka mpya, maduka hufungwa, wenyeji huenda kwao, na sisi hubaki tukitazamana. Mwaka ule mume wangu akasema, "Mama Rukia, twende tukavue samaki." Binti yetu Rukia, wa miaka saba, alirukaruka kitandani kwa furaha.

Tukaenda kwenye bwawa moja kubwa, saa kadhaa kwa gari kutoka mjini, katikati ya magenge ya mawe mekundu. Mvua ilikuwa imekatika miezi mingi na maji yameshuka sana. Mawe matupu kila upande, na chini ya genge zilionekana ngazi za kijiji kilichomezwa na maji zamani, bwawa lilipojengwa. Tulikodi mashua ya injini, tukavua hadi adhuhuri bila kupata hata dagaa, kisha tukaifunga kwenye zile ngazi tule chapati zetu. Rukia akashuka kunawa mikono.

Nilipoinua kichwa, hayupo. Yuko juu ya chelezo cha mianzi, hatua kumi kutoka kwetu, amepakatwa na bibi kizee wa Kichina. Upepo ulivuma, chelezo hakina kasia wala upondo, lakini kimesimama palepale. Nywele za Rukia zilichuruzika maji na nguo zake kavu. Macho yake wazi, hanioni.

"Mtoto mzuri," bibi akasema, kwa Kiswahili, tena cha mitaa ya kwetu Mombasa! Niambie, nani alimfundisha? "Niko chini humu tangu maji yalipopanda. Sina wa kuniita bibi. Mtaniachia huyu?"

Mume wangu akapiga magoti. "Chukua chochote, nyanya, tunakuomba! Hatuna mwingine!" Kila alipolia, bibi alizidi kutabasamu, na chelezo kikazama kidogo.

Hapo nikamjua. Wallahi, macho yale nilikuwa nikiyaona kila siku sokoni. Ukishika nguo ukaisifu, umekwisha, muuzaji atakukamua. Dawa yake ni kumpa mgongo uondoke, na uondoke kweli, maana wao huujua mguu unaosita.

Nikamfinya mume wangu, nikasema kwa sauti, "Bu yao! Simtaki! Mtoto mwenyewe mvivu, mboga hali, akilala anapiga mateke. Akae naye. Washa injini."

Alinitazama kama mwendawazimu, lakini akawasha. Nikaketi nimempa mwanangu mgongo. Tukaenda, tukaenda.

"Pengyou!" Ndivyo wauzaji wa kule wanavyomwita mteja anayeondoka, rafiki. "Pengyou, rudi! Rudi basi, mchukue!"

Nilirudi polepole, uso nimeukunja. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikamuuliza, "Na nyongeza?" Akaguna, akanitupia samaki mrefu kama mkono wangu, akanisukumia Rukia, akazama na chelezo chake bila kutikisa maji. Nilipiga vigelegele mpaka magenge yakaitika. Zimwi zima, nimelishinda kwa ujuzi wa sokoni! Samaki tulimrudisha majini, ushujaa nao una mpaka.

Leo Rukia ni mtu mzima. Mkono wake wa kushoto, alioshikwa na yule bibi, ni baridi mpaka sasa, hata joto la Mombasa haliupashi moto. Tena alisikia kila neno siku ile. Hunitania kwamba nilimkataa, lakini juzi aliniuliza bila kucheka, "Mama, asingekuita je?"

Basi nawe, ukienda kutembea kwenye mabwawa ya kule maji yakiwa yamepungua, na bibi akamsifu mwanao, usimlilie. Mpe mgongo. Lakini vua viatu kwanza, kama nilivyovivua mimi chini ya buibui langu, kisha hesabu mpaka kumi, na asipokuita ujirushe majini umfuate mwanao. Nilikuwa nimefika tisa aliponiita, na kuogelea sijui.