Kikohozi cha Ngazini

Kikohozi. Kimoja tu, kikavu, cha mtu asiyeumwa kifua. Kilitoka chini ya ngazi, kikapanda ghorofa ya kwanza, kikafika ya pili kabla ya miguu ya mwenyewe. Na kilipofika, mkono wa mama ulikuwa umeshazima redio. Baba alipoingia aliwakuta wanawake wanakunja nguo kimya, kama watu waliotoka msibani. Akavua viatu. Akauliza, "Salama humu?" Wakajibu salama.

Ndivyo Huwaria alivyolelewa, na ndivyo mambo yalivyokuwa katika kila nyumba ya mtaa wao mjini Oran. Zile nyimbo za mapenzi na ulevi, za wasichana wenye sauti za kukwaruza, hazikusikilizwa baba akiwa chumbani, wala kaka. Si kwamba wanaume hawakuzipenda. Baba alikuwa nazo kwenye lori lake la machungwa, kaka zake Huwaria walikuwa nazo mgahawani. Wote walizipenda zile zile, ila hawakuweza kuzipenda pamoja. Basi mwanamume alikohoa chini ya ngazi, akawapa wanawake muda wa kugeuka watu wengine, ndipo akapanda.

Huwaria akakua, akawa mshonaji wa bluza, lile gauni refu la shanga ambalo bibi harusi wa Oran halikosi. Akaolewa na Benauda, mwanamume mzuri wa sura, mwenye ahadi nyingi, ambaye aliondoka na kurudi apendavyo. Mwaka ambao mtoto wao wa kwanza, Milud, alianza shule, binti wa muuza samaki wa mtaa wa pili alitoa kanda. Ilikuwa na kinanda cha umeme kinacholia kama bata, na wimbo mmoja ambao mji mzima uliuita uchafu. Jirani yake Huwaria aliuita uchafu huku akiiazima kanda.

*Umekuja umelewa, nimekufungulia.*
*Umeondoka mzima, nimekulilia.*

Basi. Hapakuwa na mwezi humo, wala waridi, wala swala mwenye macho ya wanja. Palikuwa na mwanamke na mlango wake. Huwaria aliusikia mara ya kwanza akiwa na sindano mdomoni, na nusura aimeze.

Asubuhi moja, baada ya kupotea majira mazima, Benauda aligonga. Majirani walifungua madirisha yao nusu. Huwaria, mimba ya binti yao Nasima ikiwa imemfika kifuani, hakuinuka. Aliiweka kanda, akapandisha sauti hadi mwisho, akashona. Milud alikuwa amejificha chini ya meza ya cherehani na mkoba wake wa shule. Waliusikiliza wimbo wote, mama juu, mtoto chini, mpaka ubeti wa mwisho, ambamo mwanamke wa wimboni hafungui. Benauda akashuka ngazi. Hakurudi tena.

Miaka ikapita. Siku moja Milud akawa na ndevu tatu kidevuni, na kutoka chini ya ngazi kikapanda kikohozi. Mkono wa Huwaria ukaizima kanda wenyewe. Aliukasirikia mkono ule siku nzima.

Kuanzia hapo, kila aliposhona na wateja wake wakaimba naye, wimbo ulikatwa na kikohozi cha Milud kabla ya kufika mwisho. Mtaa mzima uliujua ubeti wa mwanamke anayefungua na anayelia. Ule wa mwisho wengi hawakuujua.

Kisha Nasima akachumbiwa. Mchumba alikuwa kijana mpole, lakini wa Tlemcen, mji wa watu wa udi na fidla, na mama yake, Lalla Ghutia, alikaa kitini kama anayepigwa picha. Milud, ambaye sasa ndiye mwanamume wa nyumba na ana duka lake la taa, alikuja kuzungumza.

"Mama, nakuomba kitu kimoja."

"Omba viwili."

"Ule wimbo usipigwe kwenye harusi."

"Wimbo upi?"

"Unaujua."

"Najua nyingi. Utaje."

Milud akainamisha macho. Kuutaja ni kuyatamka maneno yake mbele ya mama aliyemzaa, na hilo hakuliweza. "Ule… wa mlango," akasema hatimaye.

"Una nini?"

"Watatuona tumetoka baa!"

"Tumetoka kwenye cherehani. Na wewe umesomeshwa na wimbo huo, mshono kwa mshono."

"Mtaa mzima unajua ule ni wimbo wako, mama. Ukipigwa tu, watamkumbuka baba."

Huwaria akakata uzi kwa meno. "Wamkumbuke. Aliyekuja kugonga ni yeye. Kwa nini nione haya mimi?"

Milud akaenda kukodi kundi la wasichana wapiga fidla, waliosomea muziki, wenye magauni meusi mpaka chini.

Wiki ile Lalla Ghutia akaja kuiona bluza. Kanda ilikuwa inalia. Nasima aliruka kwenda kuizima. Mama yake akamshika mkono.

"Karibu, Lalla. Kahawa au chai?"

"Kahawa. Na huo uzimwe, tafadhali. Kwetu tunasikiliza nyimbo ambazo mtu anaweza kuzisikiliza na baba yake."

"Nzuri hizo. Na yale ambayo mtu hawezi kumwambia baba yake, nyinyi mnayapeleka wapi?"

"Tunanyamaza."

"Sisi tunaimba."

"Mnaimba uchafu, bibi."

"Ndiyo. Wenu umefunikwa kitambaa cha hariri, wetu tumeuanika juani. Sukari?"

Lalla Ghutia alikunywa kahawa yake yote, kwa kuwa adabu ni adabu. Akazipitisha shanga za bluza vidoleni, akakiri kwamba mkono uliozitia ni mkono wa kweli. Mlangoni akageuka. "Huo ukipigwa ukumbini, nitainuka mimi na wanawake wangu wote. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa."

Alipoondoka, Huwaria alicheka. "Ainuke aende wapi? Atamwacha bibi harusi kitini?"

Nasima hakucheka. "Wewe utalala kwako, mama. Mimi ndiye nitakayeishi naye."

Maneno hayo yalimwingia. Huwaria aliitoa kanda, akaiweka chini ya vitambaa, akazimaliza shanga zilizobaki kimya kimya.

Siku ya harusi, wanaume walikaa ukumbi wa chini, wanawake wa juu. Wasichana wa fidla walipiga nyimbo za swala na mwezi, nzuri, ndefu, na wanawake wa mtaa wa Huwaria walikaa wakila makrut, vile vikeki vya asali, na kuificha miayo nyuma ya mapepeo. Nasima alibadilisha gauni hili na lile, kama desturi, akamalizia na bluza ya mama yake. Watu wakapiga vigelegele. Naye akasimama katikati ya ukumbi, mikono imeinuka kucheza, na haikwenda popote. Akamwita mama yake kwa jicho.

"Mama," alimnong'oneza, "gauni hili halizijui nyimbo hizi."

"Na mkwe wako?"

"Nitakaa naye maisha. Bora anijue leo."

Huwaria hakusubiri aambiwe tena. Alikwenda hadi kwa kiongozi wa wapiga fidla.

"Mnaujua ule wa mlango?"

Wasichana wakatazamana. "Hatuupigi, mama. Sisi tumesomea…"

"Sikuuliza kama mnaupiga. Nimeuliza kama mnaujua."

Wa mwisho kwenye mstari, mwenye ngoma, akacheka puani. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Mwenye fidla ndogo akafumba macho kwa aibu, kisha akaufuata mdundo, na uta wake ukakwaruza kama koo la binti wa muuza samaki. Nani alimfundisha? Si mwalimu wake.

Ukumbi ukalipuka. Wanawake waliacha makrut vinywani. Bibi jirani, yule muazima kanda, alilia na kucheza kwa pamoja.

Lalla Ghutia akainuka. Akageuka kuwatazama wanawake wake, na kweli, wote walikuwa wameinuka. Ila walikuwa wameinuka kucheza. Alibaki ukutani, mkoba mkononi, mgongo umenyooka. Hakucheza, hakutabasamu, hakuondoka. Nasima alipopita mbele yake akizunguka, aliinamisha kichwa kumheshimu, na aliendelea kuzunguka.

Hapo ndipo Huwaria alipokumbuka. Saa ya Milud ilikuwa imefika. Ndiye wa kupanda na burnusi ya babu yake, lile joho zito la sufu, amfunike dada yake na kumtoa ukumbini akiwa chini ya kwapa lake, kama desturi. Angefika mlangoni angekohoa, na mikono yote humu ndani, iliyofundishwa tangu utotoni, ingezima kila kitu yenyewe.

"Leo hapana," akajisemea. Akapenya katikati ya wachezaji, tayari kugombana na mwanawe mbele ya koo mbili. Akaufungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake.

Milud alikuwa ngazini. Burnusi imemning'inia mkononi, paji la uso ameliegemeza ukutani. Alikuwa amefika kitambo. Midomo yake ilikuwa inakwenda na wimbo, neno kwa neno, bila sauti, kama ya mtoto anayeogopa kuonekana chini ya meza.

Alipomwona mama yake aliwiva uso mzima. Akainua ngumi mdomoni.

Huwaria akaishika ngumi ile, akaishusha polepole.

"Usikohoe, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Bado ubeti mmoja."