Wifi Mbaya Afika Buleusa

Sikusoma shule ya maigizo. Nilijifunza kwa kuwatazama watu sokoni Masisi: namna mwuza jibini anavyobadili sauti mteja akitaka kuondoka, namna mwenye kosa anavyojishika shavu. Miaka mingi ya jukwaani, kisha ya televisheni, ilinipa sura moja tu: wifi mbaya, anayemfukuza mjane wa kaka yake shambani. Waendesha pikipiki waliniita hivyo wakicheka. Nilikuwa nimemchoka mtu huyo, na kila mwenzangu alipopewa sehemu ya mjane sikutulia.

Kwa hiyo tulipopeleka kijiji cha Buleusa mchezo wetu wa kutetea mashamba ya wajane, niliomba sehemu hiyo. Kundi letu lina desturi moja: mtazamaji akiona mhusika anakosea, anasimama na kuchukua nafasi yake. Sikumaliza hata kilio cha kwanza.

“Ule njo wifi mubaya wa televizyo!” mtu akapaza sauti. “Leo iko analia!”

Uwanja mzima ukacheka. Mama mmoja mwenye nguo nyeusi za msiba akapita katikati ya watu, akanivua kilemba.

“Mama, wewe baki na ubaya yako. Ujane, miye niko naujua.”

Hakuigiza. Alisema shamba la maharagwe ni la watoto wake, huku akimtazama mwanamume wa mstari wa mbele. Nikaelewa: ndiye shemeji yake. Kama ningelegea, ushindi wake usingekuwa na maana. Nikarudi kuwa wifi mbaya, nikambana mjane kwa kila hoja niliyoijua. Alijibu zote. Shemeji akaondoka kabla ya makofi.

“Kesho nitalima,” mjane akaniambia. “Utakuwa wapi, Mama?”

Gari letu lilirudi Masisi asubuhi. Nililiacha liende.

Tulimkuta shemeji shambani, jembe begani.

“Hapa haiko kamera, Mama wa televizyo. Utanitisha na nini?”

Mjane hakunisubiri nijibu; aliinama akaanza kulima karibu kabisa na miguu ya shemeji, hata huyo akalazimika kusogea, kisha kusogea tena.

“Niko naenda kuita shefu wa kijiji!”

“Mwite. Anikute niko nalima.”

Shemeji aliposhuka kilima nilichukua jembe la pili tulilokuja nalo. Kila mara niliinua kichwa kutazama kama shefu anakuja.

“Inama, Mama,” mjane akasema, “uko naacha majani.”

Niliinama, lakini macho yakabaki njiani.